Shemeji Anatafuta Mwalimu wa Shabaha

Tolliver, Nebraska
6 Septemba 2009

Shemeji Verlyn,

Habari za huko kwenye maziwa yako na mbu wako? Sisi huku tu wazima, na nikisema sisi nina maana mimi na mbwa, ambaye naye amezeeka mpaka anabweka mgeni akishaondoka. Kendra ananipigia simu kila Jumapili kutoka Phoenix. Ananiuliza, "Mama, umekula?" Namwambia nimekula. Basi tunaagana. Shamba nimemkodisha Duane Wiebke, yule jirani wa ng'ambo ya barabara, na mahindi yamesimama vizuri. Ndugu yako Glenn angekuwa hai angekuwa anayapitia kila asubuhi akiyapapasa kama anayanunua.

Msimu wa mamumunye umeingia, na unajua mambo yetu. Kila mtu amelima kupita kiasi na hakuna anayetaka kula, kwa hiyo watu wanavizia mlangoni pako, wanakutupia mzigo na kukimbia. Jumapili nimetoka kanisani nikakuta mamumunye matatu kwenye kiti cha gari yamefungwa mkanda. Mchungaji ametutangazia tufunge magari.

Sasa neno lenyewe. Wezi wa nyaya za shaba wamerudi. Wameshakata mitambo ya kumwagilia kwa akina Schaffert na kwa mjane mmoja kule chini, na sherifu alifika kesho yake akakuna kichwa. Bastola ya Glenn iko kabatini. Nataka kujifunza kuitumia, tena nijifunze sawasawa. Pale dukani kwa vyakula vya mifugo ukuta mzima umejaa matangazo ya walimu wa shabaha, kila mmoja bingwa, kila mmoja kanuna kwenye picha. Wewe umefundisha watu kulenga maisha yako yote. Niambie, mtu wa kawaida kama mimi anamjuaje mwalimu wa maana?

Ningekupigia simu, lakini masikio yako yamekwisha kuliwa na bunduki. Basi andika. Na usinicheke.

Shemeji yako,
Ardis


Pine Narrows, Minnesota
17 Septemba 2009

Shemeji Ardis,

Nimekucheka. Tena nimecheka peke yangu jikoni mpaka chai ikanipalia. Si wewe uliyemfukuza Glenn mezani na vitambaa vyake vya mafuta ya bunduki, ukamwambia akalale na bastola zake ghalani? Loo, dunia inazunguka!

Mimi mzima. Baridi imeshaanza kunusa mlangoni. Nakula vizuri, usiulize.

Haya, sikiliza. Kulenga ni kazi moja, kufundisha ni kazi nyingine. Nimewaona mabingwa wenye vikombe rafu nzima ambao wasingeweza kumfundisha bata kuogelea. Kwa hiyo vikombe visikubabaishe, na habari za vitani zisikubabaishe. Mwambie mwalimu, kabla hujalipa chochote, kwamba unataka kuja kukaa nyuma kwenye kiti, utazame darasa moja bila kushika silaha. Akikataa, mshukuru, ondoka. Akikubali, usitazame shabaha hata kidogo. Mtazame yeye. Macho yake yako wapi? Mwalimu wa kweli anatazama mikono ya wanafunzi, na nyuso zao pia, maana hofu inaanzia usoni kabla haijafika kwenye kidole. Mwalimu wa uongo anatazama kama watu wanamtazama.

Muulize ni jambo gani alikuwa akilifundisha zamani ambalo leo halifundishi tena. Kama hana hata moja, basi hajajifunza kitu tangu apate cheti. Halafu muulize swali hili, nalo ndilo kubwa kuliko yote: "Umewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani?" Mwenye kupokea kila mtu anayelipa ni muuza duka tu.

Na akielekeza mtutu kwa mtu kwa mzaha, hata bastola ikiwa tupu, hata kama ni tupu mara mia, inuka na uende zako katikati ya sentensi yake.

Usinunue kitu. Ya Glenn inakutosha. Mimi ndiye niliyemchagulia.

Ila Ardis, nyaya za shaba ziko kwenye mitambo shambani, haziko chumbani kwako. Hebu niambie, unaogopa nini hasa?

Verlyn


Tolliver
20 Oktoba 2009

Shemeji mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mavuno yalikuwa yananguruma kote huku, vumbi mpaka ndani ya sukari. Duane amemaliza upande wa kaskazini. Mbwa mzima. Kendra anasema Krismasi hatakuja, kazi zimembana, nikamwambia mama'ko naelewa.

Asiyesikia la mkuu, unajua linalomkuta. Sikukaa nyuma kwenye kiti. Nilifika kwa yule aitwaye Brock, mwenye tangazo kubwa kuliko yote, nikaona aibu kuomba kutazama, watu wote wanane wameshavaa mikanda na wananisubiri mimi bibi kizee niamue. Basi nikaingia. Amevaa nyeusi tupu, miwani ya jua hata chini ya paa. Anasema amepigana nchi ambazo haruhusiwi kuzitaja. Debe tupu, Verlyn! Lakini siku ile sikuliona tupu, lilikuwa linavuma vizuri.

Aliitazama bastola ya Glenn akasema hiyo ni ya mwanaume, nikanunue ndogo. Dukani wakaniuzia moja nyepesi, ya rangi ya zambarau, jamani, kama ya kuchezea. Inapiga mkono teke kama punda. Siku mbili tulifyatua haraka haraka, yeye nyuma anapiga kelele, "Maliza! Maliza!" Gumba langu likachubuka. Jioni akatupa vyeti na kila mtu akapigwa picha. Alitufundisha kwamba kila asiyealikwa ni adui mpaka ithibitike vinginevyo, na kwamba ukisikia kitu nje usijitangaze, zunguka kwa mlango wa nyuma umkute kwa nyuma. Nimerudi nimejua mambo mengi. Usingizi ndio umepungua.

Umeniuliza naogopa nini. Naogopa wezi, nimeshakwambia.

Duane alileta maboga wiki iliyopita. Basi.

Nataka kukuuliza kitu kidogo cha ufundi. Mbao ya ngazi ya barazani ikitoboka, inazibwa kwa kitu gani ili isionekane?

Ardis


Pine Narrows
27 Oktoba 2009

Ardis,

Leo salamu zinisamehe.

Shimo la ukubwa gani? Lina ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho, na kingo zake zimetumbukia kwa ndani?

Niandikie siku hiyo hiyo utakayopata barua hii. Niambie kwanza kama Duane yuko hai. Mengine yatafuata.

Bastola ya zambarau itoe risasi, ifungie, ufunguo mpe mtu mwingine.

Verlyn


Tolliver
31 Oktoba 2009

Yuko hai. Hakuguswa.

Siwezi zaidi ya hapo kwa leo.

A.


Tolliver
29 Novemba 2009

Shemeji,

Sikukuu ya Shukrani imepita. Nilikuwa nimealikwa kwa akina Wiebke kama kila mwaka, wao na mimi na Glenn tangu watoto wetu wakiwa wanatambaa. Mwaka huu hakuna aliyenialika, na hakuna aliyesema hakunialika. Nilinunua paja moja la bata mzinga, nikalila nimesimama.

Sasa nakueleza, kisha usinirudishe tena huko.

Ilikuwa alfajiri, ukungu umekaa chini. Nikasikia hatua barazani. Mbwa kimya, kama kawaida yake. Nikafanya nilivyofundishwa, sikuita, nikazunguka kwa mlango wa nyuma. Nikamwona mtu mzima ameinama mlangoni pangu, mgongo wake huu hapa, na amekumbatia kitu. Kidole changu kilikuwa tayari pale ambapo wewe ungenipiga kofi kwa kukiweka. Akageuka. Sijui nilifyatua au ilifyatuka, Verlyn, sijui mpaka leo. Risasi ikaingia kwenye ngazi karibu na mguu wake. Maboga yakamtoka, yakaviringika mpaka kwenye majani.

Akasema, "Ardis, ni mimi." Sauti ya chini kabisa, kama mtu anayemtuliza farasi. Halafu akaokota kofia yake akaenda kwenye gari. Hakukimbia. Ingekuwa nafuu angekimbia.

Hakwenda kwa sherifu. Nilimngoja sherifu siku nzima nimevaa koti. Lakini mkewe Jolene amejua, na Jolene akijua kanisa limejua. Hakuna mtu aliyeniambia neno baya. Wananisalimu vizuri kuliko zamani. Ila barazani kwangu haji mtu. Mwenye shida na mimi anasimama barabarani anapiga honi mpaka nitoke, mikono yangu ionekane, ndipo anashusha kioo. Duane naye hivyo hivyo. Mtu aliyebeba jeneza la mume wangu.

Uliniuliza naogopa nini nami nikakujibu wezi. Mwizi nimemtafuta tangu Glenn afe, kwa sababu mwizi angalau ni mtu anayekuja. Haya, nimeshasema. Nyumba hii ni kimya mno. Nilitaka darasa la watu wanane, nisimame mstarini, mtu aniambie nisogeze mguu.

Ya zambarau nimeirudisha dukani. Ya Glenn iko kabatini, ufunguo uko kwa mchungaji. Sitashika tena.

Ardis


Pine Narrows
7 Desemba 2009

Shemeji Ardis,

Pole. Pole sana. Nimekaa na barua yako tangu mchana.

Sitakugombeza. Mkosaji wa kwanza ni yule aliyemfundisha mtu mwenye hofu namna ya kuogopa haraka zaidi. Lakini nakukataza jambo moja tu, kusema hutashika tena. Ukiishia hapo, Brock ndiye mwalimu wako wa mwisho, na alichokufundisha ndicho utakachokufa nacho. Tafuta mwingine. Safari hii kaa kwenye kiti, hata kama wote wanakutazama. Tafuta atakayekunyima risasi.

Nami nikupe habari, usije ukadhani uko peke yako katika kupigiwa honi. Klabu yetu ya shabaha wameniomba nisisimame tena kwenye mstari wa kufyatulia. Ni haki yao. Mstarini mtu yeyote akiona hatari anapaza sauti, "Acheni!" na wote wanaweka silaha chini. Wote isipokuwa mzee Verlyn, anayeendelea kutabasamu. Waliniokea keki. Wakaandika jina langu kwenye kibao cha mbao, kizuri tu. Nikasimama nikatoa hotuba, nikaona midomo ikicheka, nami sijui ni kwa sababu ya kichekesho changu au cha mtu mwingine nyuma. Hata kwenye mazishi ya Glenn ilikuwa hivyo, uliniambia maneno marefu pale kaburini nikakuitikia kwa kichwa, na sikupata hata moja. Sijawahi kukuuliza ulisema nini.

Siku hizi mkahawani mhudumu anamuuliza aliye jirani yangu nitakula nini.

Krismasi njema. Nina samaki na kuni za kutosha.

Verlyn


Tolliver
31 Januari 2010

Shemeji Verlyn,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nilikuandikia Krismasi, nikakuandikia tena wiki ya theluji kubwa. Najitia moyo kwamba barabara zimeziba. Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi.

Mbwa alikufa mwanzo wa mwezi, usingizini, pembeni ya jiko. Ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, ikabidi niwashe moto juu yake ndipo jembe lipite.

Nimempata. Anaitwa Lavonne Pruitt, aliendesha basi la shule mpaka alipostaafu, anafundisha kwenye banda la ng'ombe la uwanja wa maonyesho, na hana tangazo popote. Mchungaji ndiye aliyemjua. Nilichukua kiti nikakaa nyuma kama ulivyosema. Hajavaa cheusi, amevaa sweta lenye picha ya kulungu. Akatokea bwana mmoja mcheshi, anaongea huku bastola inatembea pamoja na mkono wake. Lavonne hakupandisha sauti. Alimwambia, "Funga begi lako, mpenzi, urudi mwezi ujao." Yule bwana akadhani ni utani. Akabaki amesimama. Lavonne akamfungulia mlango na kumngoja, na baridi yote ile ikaingia, mpaka akatoka. Nikasema moyoni, Verlyn, ndiye huyu.

Nikamweleza yote, hata maboga. Akaniuliza, "Unalalaje?" Nikasema silali. "Nani anakaa na wewe?" Nikasema hakuna. Akanitazama mikono, akasema, "Basi wewe leo hupati risasi." Nilikasirika, nakwambia ukweli! Nimeendesha gari kwenye barafu nije ninyimwe risasi.

Unajua alinifundisha nini? Kuita. Alinisimamisha ndani ya mlango wa banda mikono mitupu, yeye akatoka akabisha, nami niulize, "Nani huyo?" Mara ya kwanza sauti haikutoka. Akabisha tena. Ikatoka kama ya kifaranga. "Ardis," akaniambia kutoka nje, "mimi nimewasikia watoto hamsini ndani ya basi moja, wewe sikusikii." Verlyn, nililia pale. Sijapaza sauti tangu Glenn afe. Hakukuwa na wa kumpazia. Tulibisha na kuita mpaka koo likauma. Unaita, unangoja jibu, unajua ni nani. Usipojua ni nani, silaha inabaki chini. Anasema hiyo ndiyo shabaha yenyewe, kutoboa karatasi kunafuata baadaye, na kwa wengine hakuna haja kufuate.

Sasa napiga kwa bastola ya Glenn, polepole, risasi moja, napumzika. Kumbe ni nzito ndiyo maana haipigi teke. Ulimchagulia vizuri.

Lavonne ndiye aliyenituma kwa Duane. "Somo hili mimi sina mamlaka ya kukupitisha," akasema. Nikaenda kwa miguu, nikabisha. Jolene alifungua akajaza mlango mzima, hakusogea. Nikamwambia, "Nimekuja kwa Duane, lakini nawe unisikie. Nilikaribia kukufanya uwe kama mimi." Akafunika mdomo. Duane akatokea nyuma yake, akasema, "Muache aingie, Jo, kahawa inapoa." Tulikunywa kahawa. Alinionyesha picha za mjukuu.

Bado anapiga honi, Verlyn. Jana alileta barua zangu zilizopotea njia, akasimama barabarani, akapiga honi. Nilikwenda nikazipokea dirishani. Tulicheka kidogo wote wawili, na yeye hakushuka. Nadhani atapiga honi mpaka anizike.

Andika basi. Hata neno moja.

Ardis


Hospitali ya wilaya, Minnesota
16 Februari 2010

Shemeji,

Mwandiko huu ni wangu, ila ni juzi tu dawa zimeniachia kushika kalamu.

Sijakukasirikia. Nilianguka kwenye barafu nyuma ya nyumba kabla ya Krismasi, nyonga ikavunjika. Nilijiburura mpaka ndani. Baadaye wameniambia kwamba watu walikuja. Ray wa klabu alikuja, mama wa kanisa alikuja na chakula cha kuoka. Walibisha, wakabisha sana, wakaita, wakaona moshi, wakasema mzee hataki wageni, wakaenda zao. Mimi nilikuwa sakafuni upande wa pili wa ukuta. Mpeleka barua ndiye aliyechungulia dirishani.

Barua zako zote tatu ameniletea Ray. Nimefurahi kuhusu Lavonne. Mwambie nimesema anajua kazi, na mimi simwambii hivyo kila mtu. Pole kwa mbwa.

Wanataka nihamie nyumba ya wazee hapa mjini. Ni pasafi. Kuna dirisha. Nitaweka sahihi Machi. Bunduki zangu nimempa Ray zote, sikuzililia kama nilivyodhani.

Usije, barabara mbaya.

Verlyn


Tolliver
22 Februari 2010

Verlyn,

Usiweke sahihi yako mahali popote.

Chumba cha Kendra kiko chini, hakina ngazi. Duane ameshaupima mlango kwa ajili ya kiti chako cha magurudumu, na anasema ataupanua mwenyewe. Nilimpelekea barua yako akaisoma jikoni kwake, akatoka nje akakaa ghalani muda.

Sikuombi kwa huruma, usije ukanuna. Kendra hana nafasi. Ndugu wa kuzaliwa nami sina. "Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali," nami jirani nilimfyatulia risasi. Nimebaki na wewe. Nakuhitaji mezani, Verlyn. Unaweza hata kuleta vitambaa vyako vya mafuta.

Ila bastola hutaikuta. Nilimpelekea Lavonne jana. Nilimwambia, "Anakuja mtu kukaa kwangu, na huyo hasikii. Atakuwa anatembea huku na huko asubuhi, anafungua milango, nami nitaita, 'Nani huyo?' na hatanijibu kamwe." Lavonne hakuniuliza la zaidi. Aliitoa risasi, akaitazama mara mbili, akaifungia kwenye sanduku lake la chuma. Itawafaa wanafunzi wanaokuja mikono mitupu, maana ni nzito. Kisha akanishika bega akasema nimemaliza masomo. Hana vyeti, hakunipa kitu. Jumamosi nitaendelea kwenda, kuna wanawake wapya, ananitaka niwe ninayesimama nje ya mlango na kubisha.

Wezi wakija wachukue shaba.

Pale kaburini nilikwambia usirudi kaskazini, ubaki na mimi. Uliitikia kwa kichwa, nikaandaa kitanda, halafu nikaona gari lako linaondoka. Nikadhani umekataa.

Ardis


Hospitali ya wilaya, Minnesota
27 Februari 2010

Shemeji Ardis,

Muuguzi aliniona na barua yako akaniandikia kwenye karatasi kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna.

Ray atanileta mwisho wa wiki ijayo, hali ya hewa ikituruhusu. Kahawa yangu nyeusi. Mama alitulea tubishe kwenye kila mlango, hata wa ndugu, kwa hiyo nitabisha.

Usiulize ni nani. Fungua tu.

Verlyn